Asidi ya Watu Wote, Goti la Mama Furaha

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo, maana nikingoja ipoe nitawaandikia maneno mazuri yasiyowasaidia. Ninyi mnaovaa koti jeupe mwaka huu na kuingia katika maabara za mji huu wa Gisenyi, mliniomba niwaeleze kazi ilivyo. Nadhani mlitaka niwafundishe kushika sindano. Hilo nitalifikia. Kwanza acheni kuandika neno "goutte" kwenye karatasi ya majibu. Wanaosoma vitabu vya Kiswahili ugonjwa huo wa viungo wanauita jongo. Liitwe vyovyote, halina nafasi kwenye karatasi yenu. Mkisahau mengine yote, hilo libaki.

Mtu wa miaka thelathini na minne hastaafu, najua. Mimi nilistaafishwa. Nilifanya kazi miaka kumi na mmoja katika maabara ya kliniki moja binafsi karibu na soko, na sikuwahi kuwa na diploma. Niliingia kama mfagiaji. Nilipokuwa naosha tyubu nilianza kusoma vile vikaratasi vinavyokuja ndani ya maboksi ya reaktifu, yaani dawa tunazochanganya na damu ili mashine isome. Vilikuwa kwa Kifaransa, maandishi madogo kama mchanga, nami nilikuwa na kamusi iliyokosa kurasa za herufi S. Nilivikariri. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia chupa ipi inakaa kwenye friji na ipi inakaa kabatini. Nilikuwa mtu wa namna hiyo. Nilifuta meza mara tatu. Nilipima damu ya mtu mmoja mara mbili hata pale ambapo hakuna aliyeniomba, kisha nikalala nikiwaza kama namba mbili zilizotofautiana kwa nukta moja zilikuwa zinanisema vibaya.

Kila nilichojua ambacho hakikuandikwa kwenye vikaratasi nilifundishwa na Muzee Balthazar, fundi wa maabara aliyezaliwa Masisi, Kongo, akarudi Rwanda akiwa na nywele nyeupe tayari. Alikuwa na mikono mizito kama mchimba viazi wa Mudende, lakini akikuchoma sindano ulikuwa unamwuliza ataanza lini.

"Usifunge mupira ku mukono ya mutu kama unafunga mbuzi," aliniambia wiki ya kwanza. "Dakika moja, basi. Ukikawia, damu inakudanganya, na kosa si ya damu."

Yashikeni na haya, maana yatawafaa. Andika jina kwenye tyubu mtu akiwa bado amekaa mbele yako, na yeye mwenyewe alitamke. Usitikise tyubu kama chupa ya dawa ya kikohozi, maana chembe za damu zikipasuka utapima takataka. Usiweke juisi yako kwenye friji ya reaktifu. Mimi niliwahi kukuta sambusa humo, juu ya boksi la kupimia sukari, na mwenye sambusa alikuwa bosi, kwa hiyo niliyeomba msamaha ni mimi.

Sasa nije kwenye asidi.

Asubuhi moja kontrol yetu ilikuwa imeisha. Kontrol ni seramu ambayo namba yake inajulikana tangu kiwandani. Unaipima kwanza, kabla ya damu za watu, na ikitoka sawasawa unajua mashine inasema kweli. Ile mpya ilikuwa bado Kigali. Maabara ndogo zina desturi yake siku kama hizo, nanyi mtaikuta, na hakuna atakayewaambia kwamba ni mbaya: unachukua damu ya mtu mzima mwenye afya, unaipima, na ikitoka ndani ya kiwango unasema mashine ni nzima.

Mtu mzima mwenye afya aliyekuwa karibu nilikuwa mimi. Nikajipima asidi ya yuriki. Kiwango kilichoandikwa kwa wanawake kilikuwa kinaishia sita. Yangu ilitoka saba nukta tisa.

Nikarudia, saba nukta nane. Nikamwita gadi wa getini, kijana aliyepanda baiskeli kutoka Nyakiriba kila siku na ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika hata mafua. Wanaume kiwango chao kilikuwa kinaishia saba, yeye akatoka nane nukta nne. Dada wa mapokezi naye alipita kiwango. Bosi, niliyempima kwa kumdanganya kwamba ni sukari, alikuwa tisa na kitu.

Nikamwaga chupa ya reaktifu. Nikafungua nyingine. Namba zikarudi zile zile. Muzee Balthazar alinikuta stoo nimekaa juu ya katoni, nalia.

"Umemwaga reaktifu muzuri, we binti."

"Muzee, mashine imeharibika. Wote tumepanda."

"Wote nani?"

Nikamtajia.

"Bon. We uko unaumwa wapi?"

"Siumwi."

"Na gadi?"

"Haumwi."

"Na bosi?"

"Bosi anaumwa roho."

Alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akavuta katoni nyingine, akakaa, akaniambia kitu ambacho nilikiandika kwenye daftari siku hiyo hiyo, neno kwa neno, kama nilivyoandika kila kitu.

"Asidi iko mu damu ya kila mutu. Mutu mukubwa, figo inachoka kidogo, inatoa polepole. Ongeza umri, presha, ile dawa ya kukojoza banatoaka kwa presha, ongeza bière, nyama ya brochette, samaki ya sambaza, soda, ongeza na vile baba yako alikuzaa. Utapata batu wengi iko juu. Wengi sana. Na wengi batazeeka nayo, hawatasikia hata kidole kinauma. Donc, ukiona iko juu, umejua iko juu. Hujajua kingine."

"Na mwenye goutte nitamjua namna gani?"

"Goutte iko mu kiungo. Dokta anachoma sindano mu kiungo, anatoa maji, tunaangalia ku microscope kama kuko fuwele zile za sindano-sindano. Goti ikiwa na moto na mutu ana homa, unaikimbilia ile maji. Unaacha damu ikae."

Daftari hilo ninalo hapa. Baada ya siku ile, kila tulipompima mtu asidi nilimwuliza kama kuna kiungo kinachomuuma, nikaandika namba upande mmoja na jibu upande wa pili. Sitawapa hesabu yake, maana daftari langu si utafiti, na watu waliokuja kwetu wengi walikuwa wameshatishwa na majirani kabla ya kufika. Lakini kurasa zimejaa watu wazima ambao namba yao ilikuwa juu na jibu lao lilikuwa "hapana". Mwalimu. Mchungaji. Mama mwenye duka la vitenge aliyepima kwa sababu shoga yake alipima. Kurasa na kurasa za "hapana".

Kumbukeni kwamba niliyaandika haya kwa mkono wangu. Nilikuwa ninajua.

Mzee mmoja mwanaume aliwahi kutujia kutoka ng'ambo ya mpaka na majibu yaliyopimwa Goma. Mke wake alikuwa analia wazi wazi. Binamu yao alikuwa amekutwa na asidi nane na kukatazwa nyama maisha yake yote, na huyu mume wake mwenyewe karatasi ilisema mia tatu themanini. Walikuwa wameshaita ndugu. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa anakula karanga.

"Mi sijisikii mia tatu," alisema. "Najisikia kama jana."

Ilikuwa mizani tofauti tu, maabara ile inahesabu kwa namna yake na sisi kwa yetu, na mia tatu themanini yao kwetu ni sita na kidogo. Alikuwa na afya kuliko mimi niliyemweleza. Mke wake aliniuliza nani atawarudisha ndugu ambao walikuwa njiani tayari. Nikacheka siku ile. Siku hizi nikikumbuka ninaona kwamba tulikuwa tumeshaugeuza mji mzima kuwa watu wanaolilia namba.

Maana bosi aligundua kwamba asidi inauzika. Muzee Balthazar alikuwa ameacha kazi, miguu imechoka, amehamia kwa binti yake. Bosi akaweka meza sokoni kila Jumamosi na kipaza sauti: njooni mpime asidi. Watu walikuja kwa foleni, na kwa kuwa asidi iko juu kwa watu wengi, majibu yalikuwa juu kwa watu wengi. Kila aliyepanda alimleta jirani yake.

Bosi aliniita ofisini.

"Mutu wa soko unamupa namba, atafanya nayo nini? Andika kile inamaanisha."

"Bosi, namba peke yake haimaanishi..."

"Andika goutte. Na ya chini andika asikule nini. Mutu anataka kutoka na neno."

Ningekataa. Ningeweza. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sina diploma na yeye alikuwa anajua, na kwa sababu nyingine ambayo ni mbaya zaidi: nilipenda. Karatasi yenye namba tu ilionekana kama kazi ambayo haijamalizika. Nilinunua kalamu nyekundu yenye ncha nyembamba. Niliandika GOUTTE kwa herufi kubwa zilizolingana, nikapiga mstari kwa rula, na chini yake: ASILE SAMBAZA, NYAMA, MAHARAGE. Maharage, katika wilaya hii. Niliwakataza watu wa Mudende maharage na mstari wangu ulikuwa umenyooka.

Daktari alikuja kliniki siku tatu kwa wiki. Siku nyingine muuguzi alikuwa anasoma karatasi yangu na kutoa dawa kwa kuifuata. Kwa hiyo neno langu ndilo lilikuwa daktari.

Mama Furaha alikuja siku ambayo daktari hayupo. Mji mzima wa juu ulikuwa unamjua. Alikuwa anachukua sambaza, vile visamaki vya ziwani, mwaloni asubuhi, zikiwa bado zinang'aa, anabeba beseni kichwani na kupanda nazo mlima wa Nengo nyumba kwa nyumba, akiita wenye nyumba kwa majina ya watoto wao. Kupanda Nengo ndiyo ilikuwa biashara yake. Wauza samaki wa sokoni hawakuwa na miguu ile.

Aliingia akimshikilia binti yake Furaha. Goti la kulia lilikuwa limevimba kama limetiwa maji, ngozi inang'aa.

"Dokta, hii goti inanichoma kama moto. Siku ine sasa. Nilitereza ku mawe kule mwalo, ikakwaruzika, nikasema itapona."

"Unasikia homa?"

"Usiku natetemeka. Furaha ananifunika blanketi mbili."

Nilimsikia. Ninataka mjue kwamba nilimsikia vizuri. Mawe, mkwaruzo, moto, homa ya kutetemeka. Nikafunga mpira mkononi, sikuzidisha dakika, nikavuta damu, nikaandika jina lake kwenye tyubu akiwa amekaa, naye akalitamka. Karatasi yetu haikuwa na mahali pa kuandika mawe na homa. Nikapima. Nane nukta moja. Nikarudia, nane nukta moja tena, na nikafurahi. Zimelingana. Nikachukua rula.

Furaha aliniuliza, "Ni nini iko nayo?"

"Ni goutte. Ni hizi sambaza."

Mama Furaha alitazama ile karatasi. "Sasa mi nikule nini, dokta? Mi nakulaka sambaza tangu sina meno."

"Ukila, mguu wa pili nao utafuata," nilimwambia. Hilo sikuagizwa na bosi. Nililiongeza mwenyewe.

Muuguzi alisoma, akampa vidonge vya maumivu na vya uvimbe, akamwambia apumzike, anywe maji, arudi baada ya wiki moja. Hakurudi kwetu. Siku ya tano tangu aje kwetu walimbeba hospitali kubwa. Kule walifanya kile Muzee alichoniambia nikiwa nimekaa juu ya katoni: walichoma sindano ndani ya goti. Ulitoka usaha. Vijidudu viliingia kwa ule mkwaruzo, vikawa vinakula goti muda wote huo tukiwa tunagombana na samaki. Waliokoa mguu. Goti lenyewe halikunji tena.

Furaha alikuja kliniki kutuambia. Hakupiga kelele. Alisimama pale mapokezi akasema, "Mama hapandi tena Nengo," akaondoka.

Bosi aliniuliza swali moja. "Namba ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

"Basi."

Nilimpigia simu Muzee Balthazar. Nilimsimulia yote, nikijieleza sana, nikimwambia kwamba nilirudia kipimo, kwamba mashine ilikuwa nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa na homa?"

"Ndiyo, Muzee."

"Alikuambia?"

"Aliniambia."

Kisha akasema, "We binti, nilikufundisha," na akakata.

Mwaka uliofuata walikuja wakaguzi. Walifungua friji, wakatazama madaftari, wakasifu maandishi yangu. Kisha wakaniuliza diploma. Nikatoka siku hiyo hiyo na koti langu ndani ya mfuko wa plastiki. Niliondolewa kwa sababu ya karatasi ambayo sikuwa nayo. Zile nilizoandika hakuna aliyeziuliza. Hapo ndipo hasira hii ilipoanzia, na ninawaonya msidhani ni ya wakaguzi. Walikuwa na haki. Hasira yangu ni kwamba ninyi mna diploma, na wiki iliyopita mmoja wenu alinionyesha kwa fahari karatasi ya Jumamosi ya sokoni, na ilikuwa na neno lile lile, siku hizi linachapwa na printa.

Ndiyo maana nilikwenda sokoni juzi. Nilikuwa nimelikwepa miaka mitatu, nanunua sambaza kwa wachuuzi wa njiani ili nisipite kwa Mama Furaha. Siku hizi anauza sokoni akiwa amekaa juu ya kidumu, mguu wa kulia umenyooka mbele kama mpini, watu wanauruka. Aliniona kabla sijafika.

"Uyu njo dokta ya kalamu nyekundu," aliwaambia wenzake. "Mupisheni, asije akawaandika."

Wakacheka. Wanawake wanne wauza samaki, na muuza chumvi.

"Mama Furaha, nimekuja kukuambia kitu."

"Sema. Kununua hununui, najua."

"Mwisho ulikula sambaza lini?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego ulipo. "Si wewe ulinikataza? Mi nauza tu. Nikisikia harufu ya mafuta ya jirani nafunga mulango. Niko na mguu moja, nisipoteze na ya pili."

Miaka mitatu. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa ajili ya goti. Hili lingine sikulijua.

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba goti lake halikuwa na goutte, kwamba asidi yake iko juu kama ya watu wazima wengi na goti lilikuwa limeingiwa na vijidudu kutoka kwa mawe, kwamba aliniambia mwenyewe yote na mimi nikaandika samaki.

"Na ya kwako?" aliuliza. "Asidi yako iko ngapi?"

"Ilikuwa saba nukta tisa."

"Iko juu?"

"Iko juu."

"Na unakula sambaza?"

"Ninakula."

"Ulijipima mbele yangu ao nyuma?"

"Mbele. Miaka mingi kabla yako."

Hakuna aliyecheka. Mama Furaha alizisawazisha sambaza zake kwa kiganja, polepole, kama anazitandikia.

"Kumbe ulikuwa unajua," alisema.

"Nilikuwa ninajua."

Alifungua fundo la kitenge chake kiunoni. Ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne, karatasi ilikuwa bado safi. Alinipa. "Soma. Na sauti, bote basikie."

Nikasoma. Jina, namba, neno, katazo. Muuza chumvi akasema, "Na yangu ni hivyo hivyo," akainama kwenye kikapu chake. Wa pembeni yake akasema yake iko nyumbani, ameibandika ukutani. Mwingine akatoa ya mume wake kwenye pochi. Zilikuwa za Jumamosi tofauti, lakini mwandiko ulikuwa mmoja, wangu, na mistari yote ilikuwa imenyooka.

Niliwauliza mmoja mmoja, kama nilivyokuwa naandika kwenye daftari: kuna kiungo kinakuuma? Muuza chumvi hapana. Mume wa yule mwingine ndiyo, kidole gumba cha mguu, kinawaka ghafla na kulala, na mke wake nilimwambia ampeleke kwa daktari kwa kweli, apimwe kama mtu. Kisha nikaomba kalamu. Walinipa ya buluu, ya muuza chumvi.

Nilianza na ya Mama Furaha. Alishika karatasi juu ya goti lake lile lisilokunjika, maana ndilo lilikuwa tambarare, nami nikapiga magoti kwenye maji ya samaki nikalikata lile neno, na katazo la chini yake, bila rula. Aliangalia mkono wangu mpaka nikamaliza.

"Na iyi namba?" aliuliza. "Haukati?"

"Hiyo naiacha," nilisema. "Ilikuwa sahihi."